Mkalimani wa Kwenye Kona ya TV Si Ajira

Tuanze na kile kisanduku. Unakijua. Rais anahutubia taifa, ama taarifa ya saa moja iko hewani, halafu pale chini kwenye kona kuna mtu amefinywa kama stempu ya posta, mikono inaenda mbio. Kenya nzima ikiona kile kisanduku inashusha pumzi. Sawa, Viziwi wameshughulikiwa. Twende kwa michezo.

Leo nimekuja kukipigia kelele hicho kisanduku. Si ati nataka kiondolewe. Kiongezwe ukubwa hata, na mkalimani alipwe vizuri. Tena si zawadi ya stesheni yoyote. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ndiyo iliyolazimisha stesheni za TV kuweka lugha ya ishara ama maandishi kwenye habari na vipindi vya elimu. Shida yangu ni kwamba tumekigeuza kuwa risiti. Tukiulizwa nchi hii imewafanyia Viziwi nini, tunanyoosha kidole kwenye kona ya TV. Na mkalimani kazi yake ni kumwambia Kiziwi kwamba bei ya unga imepanda. Hamwambii pesa ya huo unga itatoka wapi.

Viziwi wenyewe, na viongozi wao, wamekuwa wakituvuta kwenye hilo swali la pesa miaka nenda miaka rudi. Sisi tunawavuta kurudi kwenye huruma. Wao wanasema ajira, tenda, mtaji, viti vya uongozi. Sisi tunajibu na makofi ya kupunga mikono hewani, picha ya pamoja, na fulana ya siku ya maadhimisho.

Kabla sijaendelea, tusafishe lugha kidogo. Neno ni Kiziwi. Si "bubu". Watu wanaozungumza lugha yenye sarufi yake, utani wake, matusi yake na mashairi yake si bubu. Wewe ndiye huelewi. Mchina akiongea mbele yako na hujui Kichina, humwiti bubu. Naandika Kiziwi kwa herufi kubwa kwa sababu wengi wao wanajiona hivyo: jamii yenye lugha, si kundi la masikio yaliyoharibika. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 153,361 wenye umri wa miaka 5 na zaidi ambao wana ulemavu wa kusikia. Hao watu ungejaza uwanja wa Kasarani mara mbili na bado wengine wabaki nje wakiuliza geti iko wapi. Si wote wanaotumia ishara, lakini wote wananunua unga, wanalipa nyumba, wanataka kuoa na kuolewa, na wanataka doo zao wenyewe.

Sasa niwapeleke Kampala kidogo, halafu turudi.

Uganda waliandika katiba yao 1995 na ndani yake wakaweka kwamba serikali itakuza lugha ya ishara ya Viziwi. Mwaka uliofuata, 1996, Alex Ndeezi akaingia bungeni. Ndeezi ni Kiziwi. Alitoka kwenye harakati za Viziwi wenyewe, akaingia na mkalimani wake, akakaa kwenye ukumbi ule ule unaopitisha bajeti. Anatajwa kuwa mbunge wa kwanza Kiziwi barani Afrika. 1996, wasee. Wengi wenu mnaosoma hii hamkuwa mmezaliwa. Mimi sikuwa nimezaliwa.

Na hakuingia kwa bahati. Uganda ilitenga viti vitano vya bunge kwa watu wenye ulemavu, na wapigaji kura wa viti hivyo ni wajumbe wa watu wenye ulemavu wenyewe. Sisemi Uganda ni peponi. Viti hivyo vimelaumiwa sana kwamba vinaegemea chama tawala, na Kiziwi wa kawaida wa Kampala bado anahangaika na kazi kama wa Nairobi. Lakini angalia mfumo: kiongozi anajua nani alimpa kiti, na akirudi nyumbani anajua nani atamuuliza maswali kwa mikono.

Turudi Kenya. Nitajie mbunge mmoja Kiziwi aliyewahi kukaa kwenye Bunge la Kenya. Mmoja tu. Nasubiri.

Wakati unafikiria, nikukumbushe kwamba kwa karatasi sisi ni moto wa kuotea mbali. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya. Kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Soma hiyo tena polepole. Tuna lugha rasmi ya Bunge ambayo wabunge karibu wote hawawezi kuitumia hata kuomba maji. Kifungu cha 54 kinasema angalau asilimia 5 ya wanachama wa vyombo vya umma, vya kuchaguliwa na vya kuteuliwa, wawe watu wenye ulemavu. Ila kuna neno limefichwa pale: "hatua kwa hatua". Katiba ilisema twende hatua kwa hatua. Serikali ikasikia hatua ya kobe, na kobe mwenyewe amelala.

Na viti tulivyonavyo tumevipa nani uwezo wa kuvigawa? Seneti ina viti viwili vya watu wenye ulemavu, mwanamume na mwanamke. Bunge la Taifa lina viti 12 vya makundi maalum, na hapo wenye ulemavu wanabanana na vijana na wafanyakazi. Vyote vinatoka kwenye orodha za vyama. Hiyo inamaanisha kiongozi mwenye ulemavu hapa kwetu anaingia kwa mlango wa mkubwa wa chama, si kwa kura ya wenzake. Siwadharau waliowahi kuingia, wako waliopigana vita vikali mle ndani. Lakini Kiziwi ambaye hawezi kukaa kwenye vikao vya usiku vya chama, vile vya kunong'onezana na kupigiana simu, anapenya vipi? Siasa yetu ni ya mdomo na sikio. Jina lake linaanguka kabla halijaandikwa.

Ndio maana Muswada wa Lugha ya Ishara ulifika Seneti 2019, halafu 2023 ukawa umerudi tena hapo hapo kama mtu aliyesahau funguo. Fikiria kama ungekuwa muswada wa mishahara ya wabunge. Ungelala?

Haya, tuache wakubwa. Tushuke mtaani, huko ndiko shida inakouma.

Tuseme kuna binti wa miaka 22, Kiziwi, amemaliza kozi yake kwenye ile taasisi ya ufundi ya Viziwi iliyo Karen. Ana cheti. Anajua kazi. Anaona tangazo la kazi mtandaoni: "Tuma sivii, kisha piga simu namba hii." Piga simu. Ameshatoka mchezoni na hata hajaanza. Akiamua kwenda mwenyewe, anafika getini. Soja anauliza unaenda kwa nani, binti anaonyesha ishara kwamba haskii, soja anampungia mkono aende, anafikiri ni mtu wa kuomba. Akipita geti, kwa intavyuu hakuna mkalimani, na wakimwambia aje na wake, basi anatakiwa kumlipa mtu ili aombe kazi ya kumpatia pesa ya kumlipa huyo mtu. Akipata kazi kwa miujiza, bosi anatoa maagizo kwa sauti za WhatsApp za dakika nne. Wenzake wanacheka kwenye mkutano, yeye anaangalia midomo. Akiuliza wanacheka nini, anaambiwa "nitakuambia baadaye". Kila Kiziwi anaijua hiyo "baadaye". Haifikangi.

Mimi chuo sikumaliza. Nilitoka mwaka wa pili, ada ikiwa imegoma kabisa. Na bado najitegemea, kwa sababu nchi hii inamwachia mtu mwenye mdomo njia za panya. Kazi yangu ya kwanza niliipata kwa kupiga stori na mtu kwenye matatu. Ya pili, rafiki alinipigia simu saa nne usiku akasema kuna mtu anatafuta mtu wa video kesho asubuhi. Sikuwa na cheti na hakuna aliyekiuliza. Sasa linganisha. Mimi bila cheti, nina mdomo, napita. Yule binti ana cheti, ana mikono yenye kazi, anazuiwa getini. Usiniambie hiyo ni bidii. Usiniambie ati "ukitaka utapata". Kuna mlango umefungwa na kitasa kiko upande wetu.

Halafu kuna huu mchezo wa shule. Kenya ilianza kuwa na shule za Viziwi 1961, Mumias na Nyang'oma. Kwa miaka mingi njia iliyotawala ilikuwa kumlazimisha mtoto asome midomo na atoe sauti, yaani aige watu wanaosikia, badala ya kufundishwa kwa lugha inayoingia kichwani mwake. Mtu wa kwanza kuitikisa Afrika kuhusu hilo alikuwa Kiziwi mwenyewe: Andrew Foster, Mmarekani mweusi, aliyemaliza chuo cha Gallaudet 1954, akafungua shule Accra 1957, akazunguka bara hili akifungua nyingine hadi alipokufa kwenye ajali ya ndege Rwanda 1987. Hapa nyumbani tuna Profesa Michael Ndurumo, Kiziwi, mwenye PhD kutoka Vanderbilt, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa hivyo mtu asikuje na ile hadithi ya uwezo. Uwezo ulishathibitishwa zamani.

Kilichobaki ni sisi kuacha kuamua maisha ya watoto Viziwi mapema. Ni ushonaji, useremala, ususi, basi. Sina shida na useremala. Nenda Kamukunji uone mafundi wa jua kali wanavyolisha familia. Shida ni pale mtoto anapopewa randa kwa sababu mwalimu wake hajui ishara za kutosha kumfundisha fizikia. Hapo umefunga mlango wa daktari, wakili na mhandisi, halafu ukaita huo mlango uliofungwa "kipaji cha mikono".

Serikali ikija inakuja na nini? Inua Jamii inatoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa familia yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Gawa kwa siku 30. Ni kama shilingi 66. Hiyo ni nauli ya kwenda, ya kurudi utajijua. Na Viziwi wengi hawamo hata kwenye hiyo orodha. Kuna msamaha wa kodi ya mapato pia: mwenye ulemavu aliyesajiliwa anaweza kusamehewa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake kwa mwezi. Msamaha mtamu sana. Ila lazima kwanza uwe na mshahara. Kumsamehe kodi mtu uliyemnyima kazi ni kama kumpa mtu asiye na gari maegesho ya bure.

Kuna tenda pia. Asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Vizuri. Makundi matatu kwenye sahani moja, na wewe nadhani nani anakula mwisho. Kiziwi anayetaka tenda anahitaji kujua imetangazwa, kuhudhuria kikao cha maelezo kinachoendeshwa kwa mdomo, kufuatilia malipo kwa simu ofisi baada ya ofisi, na kuwa na mtaji wa kusubiri malipo yanayochelewa. Ndio maana mtaani stori ni zile zile: kampuni imeandikwa jina la mtu mwenye ulemavu, mwenye pesa ni mwingine kabisa, na aliyekopesha jina anapewa ya soda. Hiyo si kuwezesha mtu. Hiyo ni kukodisha kitambulisho chake.

Na pesa za ujumuishaji wenyewe huwa zinaenda wapi? Hapa wengine mtanikasirikia. Kuna warsha. Warsha Naivasha, warsha Mombasa, warsha hoteli ya nyota sijui ngapi. Mshauri analipwa, mwezeshaji analipwa, hoteli inalipwa, mpiga picha analipwa. Wengi wao wanaskia vizuri tu. Kiziwi analetwa kutoa ushuhuda, anarudishiwa nauli na kupewa chakula cha mchana. Hata kufundisha lugha ya ishara, lugha yao, mara nyingi anayelipwa ni mtu anayeskia aliyejifunza kwao. Watu wenye ulemavu duniani kote wana kauli yao: hakuna lolote kuhusu sisi bila sisi. Mimi naongeza: na bahasha pia isipite bila wao.

Sasa najua komenti zinakuja. Wacha nizijibu mapema.

Ya kwanza: "Hata sisi tunaoskia hatuna kazi." Kweli kabisa. Kazi ni mtaro kwa kila mtu. Lakini foleni ikiwa ndefu, si sababu ya kumwambia mtu mmoja hawezi hata kupanga foleni. Wewe umekosa kazi baada ya kuomba mara hamsini. Yeye amekosa nafasi ya kuomba. Na ukifikiria vizuri, mwajiri anayezoea kumkataa mtu bila kumsikiliza hataishia kwa Viziwi. Kesho atakukataa wewe kwa jina lako, kwa mtaa wako, kwa shule uliyosomea.

Ya pili: "Wakalimani ni ghali." Ghali kuliko nini? Kampuni hiyo hiyo mwisho wa mwaka inalipa tenti, MC, DJ na keki yenye nembo ya kampuni. Mkalimani wa saa mbili za intavyuu ndiye anafilisisha biashara? Tena sheria ya 2003 ilimpa mwajiri wa sekta binafsi nafuu: kutoa asilimia 25 ya mishahara anayowalipa wafanyakazi wenye ulemavu kwenye mapato yanayokatwa kodi. Zaidi ya miaka 20 hiyo nafuu ilikuwa mezani. Waajiri wangapi unaowajua waliikimbilia? Sasa kuna sheria mpya iliyotiwa saini 2025, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Mwajiri mwenye watu 20, hiyo ni mtu mmoja. Mmoja, bana. Tunalia kuhusu mtu mmoja.

Ya tatu: "Lakini kazi zingine lazima uskie." Zingine, ndiyo. Hakuna anayeomba Kiziwi awe mtangazaji wa redio. Lakini nenda Pallet Café, Lavington. Wahudumu wengi pale ni Viziwi. Unaagiza, unaletewa, unalipa, unaenda nyumbani ukiwa umeshiba na umejifunza kusema asante kwa mkono. Na hiyo ni kazi ya kuhudumia wateja, ile ile tuliyoambiwa haiwezekani bila masikio! Kama hiyo imewezekana, niambie ni kwa nini haiwezekani kuchora ramani za nyumba, kuandika programu za kompyuta, kuhariri video, kufanya hesabu za kampuni, kupima damu maabara. Ila mgahawa mmoja mzuri usitumike kama kile kisanduku cha TV. Hauwezi kubeba watu 153,361 mgongoni.

Ya nne, na hii ndiyo inaniudhi zaidi: "Wao ni mashujaa, wananipa moyo." Tafadhali. Kiziwi aliyeamka akaenda kazini hajafanya muujiza, ameenda kazini. Ukimfanya shujaa kwa kuvumilia mlango uliofungwa, umepata njia ya kutofungua mlango. Mpe mshahara, moyo atajipa mwenyewe.

Tena tunajua inawezekana, kwa sababu tumeshafanya. M-Pesa ilipoanza 2007, Kiziwi aliweza kutuma pesa Kisumu bila kumwomba jirani ampigie mtu simu. Hakuna aliyeitengeneza kama mradi wa Viziwi. Ni teknolojia iliyotumia maandishi badala ya sauti, na mlango ukafunguka wenyewe. Halafu akaunti ya mtu ikipata shida, huduma nyingi za pesa zinamwambia nini? "Piga simu huduma kwa wateja tuthibitishe ni wewe." Kiziwi sasa inabidi ampe mtu mwingine namba yake ya kitambulisho na siri za pesa zake, amsemee. Akiibiwa, tunasema hakuwa makini.

Na sisi Gen Z tusijifanye tuko nje ya hii stori. Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipokuja, tulifanya kitu kizuri sana. Tuliuvunja vipande vipande, tukauelezea kwa lugha za nyumbani kwenye TikTok, na kuna walioueleza kwa lugha ya ishara pia. Hakuna aliyengoja bajeti. Hakuna aliyesema wakalimani ni ghali. Tulijua kwamba kama kuna Mkenya hajaelewa, sote tumepungukiwa. Kumbe tunaweza. Sasa kwa nini tukishamaliza maandamano tunarudi kwenye video zisizo na maandishi hata moja, laivu za saa tatu za sauti tupu, na matangazo ya kazi ya "nipigie"?

Kwa hivyo haya ndiyo ninayoyataka, na si mengi.

Wewe unayetengeneza kontenti: weka maandishi kwenye video zako. Na uyasome kabla ya kuposti, kwa sababu zile kapsheni za otomatiki zikikutana na Sheng zinaandika maajabu. Unazungumzia ganji, yenyewe inaandika vitu vya kutungua ndege. Na ukipata dili la kampuni, bajeti ikiwepo, mtafute mhariri Kiziwi, mchoraji Kiziwi, mpiga picha Kiziwi. Usimwite kwa kontenti ya ulemavu peke yake. Mwite kwa kontenti ya viatu.

Wewe mwenye kabiashara, hata kama ni ka kinyozi ama kibanda cha mitumba: kwenye tangazo lako la kazi ongeza maneno matatu, "ama tuma meseji". Hayo maneno hayana kodi.

Wewe uliye chuo: uliza kama kuna mwanafunzi Kiziwi kwenye darasa lenu, na uliza nani anamlipa mkalimani wake. Jibu likikuaibisha, peleka hilo swali kwa chama cha wanafunzi. Mnagoma kwa sababu ya maji. Hii ni kubwa kuliko maji.

Na sote, Agosti 2027 inakuja. Wagombea watakuja kucheza ngoma zetu na kuongea Sheng mbovu. Kila mmoja aulizwe mambo mawili. La kwanza: orodha ya uteuzi ya chama chenu ina Kiziwi, na yuko nafasi ya ngapi? Usikubali "tunawajali". Taka namba. Jina likiwa la mwisho kwenye orodha, hilo ni kisanduku kingine tu. La pili: kaunti yako imeajiri Viziwi wangapi, kwa kazi gani, na kwa mshahara gani? Asiyejua jibu la swali la pili hakuwahi kuuliza, na asiyewahi kuuliza hakujali.

Wazee walisema sikio la kufa halisikii dawa. Kwa miaka yote hii tumefikiria methali hiyo ni ya watu wengine. Angalia vizuri. Katiba imesema, sheria ya 2003 imesema, ya 2025 imesema, Viziwi wenyewe wamesema kwa mikono yote miwili hadi mikono imechoka. Wote wamesema kwa watu wenye masikio mazima kabisa. Sasa sikio la kufa ni la nani?

Komenti ziko wazi. Matusi ruhusa, nimezoea. Lakini mkinitumia sauti sitajibu. Andikeni, kila mtu asome.